Je, wajua kwa nini piano haishiki sauti Unguja?

Kila baada ya miaka mitano mji wa Warsaw, Poland, hupokea wapiga piano vijana wa dunia nzima kwa mashindano ya Chopin, mtunzi wa Kipoland wa muziki wa piano, yaliyoanza 1927. Mshindani huchagua piano kati ya zilizoletwa na kampuni mbalimbali, na kila kampuni huja na fundi wake. Ukumbi ukifungwa usiku, ndipo fundi huyo anapoanza kutyuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zikae sawa.

Sasa ilete piano hiyo hiyo Mji Mkongwe mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Haipiti muda, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha tangu 1905, ataisikia na kukunja uso.

Sababu ni mbao. Chini ya nyuzi kuna ubao mpana, mwembamba, wa mti wa jamii ya msonobari. Ndio unaokuza sauti. Hata ukaushwe vipi, ubao huo hunywa unyevu wa hewa, nao wakati wa masika ni mwingi mno. Ukinywa hutanuka. Kingo zake zimebanwa, hauna pa kwenda ila kubenuka juu, na hapo huzisukuma nyuzi zikakaza na sauti ikapanda. Hewa ikikauka, mambo hugeuka. Zingepanda zote sawasawa, wengi wetu tusingejua. Lakini za katikati hupanda zaidi, na huko kitufe kimoja hupiga nyuzi tatu kwa pamoja. Zikipishana kidogo tu, sauti inayumba.

Kanuni nayo haijasalimika, maana daraja la nyuzi zake hukaa juu ya ngozi, na ngozi hulegea. Ila mpigaji wake huitengeneza mwenyewe kabla ya onyesho. Piano ina nyuzi zipatazo 230, mvuto wake kwa jumla unakaribia tani 20. Hapo huitwa fundi.

Wengi watasema dawa ni kiyoyozi. Ni kweli nusu. Kinachoitesa piano zaidi ni hewa kubadilika-badilika, kwa hiyo kuwasha kiyoyozi jioni ya onyesho na kukizima wageni wakiondoka ni kuupa ubao kazi ya kupanda na kushuka kila siku. Afadhali uiache na joto lake! Ukumbi wa mashindano kama ya Warsaw unataka hewa ile ile usiku na mchana, na umeme usiokatika. Waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, laini ya umeme kutoka Bara ilipoharibika, wanaelewa ugumu wake.

Tukitaka mashindano kama hayo hapa kwetu, kikwazo ni hewa; wapigaji wala si tatizo. Dang Thai Son, mzaliwa wa Hanoi, mji wenye unyevu kama wetu, alishinda Warsaw mwaka 1980, Mwasia wa kwanza.

Kama nyumbani mna piano ya urithi, iegemezeni ukuta wa ndani, mbali na dirisha la baharini, kwani chumvi hula nyuzi. Na fundi mwiteni Juni, masika yakishakatika, si Machi.