Jeni zinazopima mchana: kwa nini mtama wa Afrika uligoma kutoa masuke Texas

Chukua mbegu ya mtama wa asili kutoka Sudan, ukaipande kaskazini mwa Texas mwezi wa Mei. Itaota vizuri, bua litapanda juu kuliko mtu, majani yatatanda, ila suke hulioni. Likija kuchomoza ni karibu na majira ya baridi, na jalidi iko njiani. Maji yalikuwepo, mbolea ilikuwepo. Kilichoukwamisha ni urefu wa mchana.

Sisi wa karibu na ikweta ni rahisi kulisahau hili. Dar es Salaam, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kabisa katika mwaka haifiki saa moja. Kaskazini mwa Texas mchana wa Juni hupita saa 14. Na mtama ni mmea wa mchana mfupi: husubiri mchana upungue ndipo utoe suke. Kwao Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, hiyo ni akili kubwa, maana mvua ikiwahi au ikichelewa kuanza, masuke hutoka kwa wakati uleule, mvua zikielekea kuisha.

Tabia hii ilielezwa mwaka 1920 na Wamarekani wawili, Garner na Allard, walioingiza tumbaku iliyogoma kuchanua kwenye kibanda cha giza kila alasiri. Ikachanua. Kwa kweli mmea hupima zaidi urefu wa usiku, lakini hesabu ni ileile.

Anayepima ni nani? Kwenye mtama, wataalamu walipata jeni kadhaa walizoziita Ma1 hadi Ma6. Kubwa yao ni Ma1, ambayo mwaka 2011 ilitambuliwa kuwa ni jeni ya PRR37. Hii ni breki. Saa ya ndani ya mmea huiamsha asubuhi, kisha jioni tena. Jioni ikikuta jua bado linawaka, breki inakaza na jeni za kuchanua zinazimwa. Jioni ikikuta giza, breki inalegea.

Hapa ndipo panaponifurahisha: mtama haukuzoea Texas kwa kupata kitu kipya. Ulizoea kwa kuharibikiwa. Wakulima walichagua mimea iliyowahi kukomaa, bila kujua kwamba ndani yake breki ilikuwa imekatika. Kuanzia 1963 watafiti walifanya hivyo kwa makusudi: walichanganya uzao wa mtama wa tropiki na ule unaowahi kukomaa huko Puerto Rico, penye mchana mfupi, kisha wakachagua vizazi vyake Texas.

Soya ilisafiri upande wa pili. Soya ya kaskazini ikiletwa karibu na ikweta huchanua ingali fupi, vitumba vichache. Iliyoikomboa Brazil ni aina zenye jeni ya J, inayohimiza kuchanua, iliyoharibika; hizo huchelewa kuchanua na kupata muda wa kukua. Kwa hiyo pakiti ya mbegu ikiandikwa “siku 90”, uliza kwanza zilihesabiwa latitudo gani.

Wala breki ya Ma1 haikutupwa. Wafugaji wa Marekani wanaotaka mtama wa malisho, mabua na majani tele, hununua mbegu ambayo breki yake ni nzima: ile ile inayogoma kutoa suke.