Mcharuko wa ukoma: usiache dawa, na usisubiri

Swali: Nimetumia dawa za ukoma miezi mitatu. Ghafla baka la shavuni limevimba na kuwa jekundu, na kiwiko kinauma hadi silali. Dawa zimenikataa?

Jibu: Hapana. Huo ni mcharuko. Wengine vituoni tunauita riaksheni. Usiache dawa. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila mgonjwa anayenijia vidole vimeshapinda, nikimuuliza ananiambia yaleyale: "Niliona zinanidhuru, nikaziweka kwanza." Kisha anafungua pindo la khanga, anatoa paketi. Safu moja imetumika, nyingine zote zimo.

Swali: Basi ni nini kinachonivimbisha, kama bakteria wanakufa?

Jibu: Ni kinga yako mwenyewe. Bakteria wa ukoma huzaana polepole mno, mara moja kwa siku 12 hadi 14 hivi, na hukaa kwenye ngozi na mishipa ya fahamu. Dawa huwaua mapema, lakini mabaki yao hayaondoki siku hiyohiyo. Vipande vyao, yaani antijeni, vinaweza kubaki mwilini miezi, hata miaka. Siku chembe nyeupe za damu zikivishtukia, zinavivamia hapohapo vilipo. Vikiwa ndani ya mshipa wa fahamu, vita vinapiganwa ndani ya mshipa.

Swali: Mbona jirani yangu yeye alitoka vinundu na homa?

Jibu: Hiyo ni aina ya pili ya mcharuko; wako ni wa aina ya kwanza. Kuna watu ambao chembe zao nyeupe haziwatambui vizuri bakteria hawa, kwa hiyo wanajaa mwilini. Kingamwili, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, watu hao wanazo tele, ila haziwafikii bakteria waliojificha ndani ya seli. Kingamwili hizo zikigandana na antijeni, ndipo vinapotoka vinundu vyenye maumivu, homa, macho mekundu, na kwa wanaume korodani huweza kuvimba. Jicho jekundu lenye kuuma si la kutiwa maji ya chumvi. Njoo.

Swali: Naweza kusubiri kidogo nione kama utapoa wenyewe?

Jibu: Usisubiri. Mshipa wa fahamu umevikwa ala isiyotanuka. Ukivimba hauna pa kwenda, unajibana wenyewe na kukosa damu. Ganzi au ulegevu ulioanza ndani ya miezi 6 una nafasi nzuri ya kurudi nyuma kwa matibabu. Ukipita hapo, nafasi hupungua sana, na mimi sina kidonge cha kunyoosha kidole kilichokwishapinda. Kuchua kwa mafuta ya moto, kuchanja chale, kumtafuta aliyekuroga: yote hayo yanakula siku za mshipa wako.

Swali: Mkono hauumi, umelegea tu. Na huo ni mcharuko?

Jibu: Unaweza kuwa, maana mishipa mingine huharibika kimyakimya. Bana karatasi katikati ya kidole cha mwisho na cha pili yake, mtu aivute. Ikichomoka bila ubishi, wakati zamani uliishika, njoo. Njoo pia ukiunguzwa na sufuria bila kusikia, au jicho lisipofumba vizuri.

Swali: Duka la dawa waliniuzia prednisolone, nikapata nafuu, nikaacha.

Jibu: Hapo ndipo tunapoumizana. Prednisolone ndiyo dawa ya mcharuko, lakini hutolewa kwa miezi na kupunguzwa hatua kwa hatua, tukikupima presha, sukari na nguvu za mkono. Ukiikata ghafla unaweza kuzidiwa, na uvimbe ukarudi. Na haichukui nafasi ya dawa za ukoma. Zinaenda pamoja. Usiache dawa, nasema tena.

Swali: Nilimaliza dawa mwaka jana. Sasa dalili zimeanza tena. Ukoma umerudi?

Jibu: Mara nyingi ni mcharuko tu, kwa mabaki niliyoyasema. Akina mama waliojifungua karibuni wawe macho zaidi, kwa kuwa kinga hubadilika wakati huo.

Swali: Nikifika niseme nini?

Jibu: Sema wazi kwamba una ukoma, au uliwahi kuwa nao, na usione haya. Beba paketi zako, hata zile ulizoziacha, sitakugombeza sana. Mhudumu asipokupapasa kiwiko, upande wa goti na kifundo cha mguu kutafuta mishipa ya fahamu iliyovimba, mwombe akupeleke kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Dawa za ukoma hulipii.