Sayansi kimu si mapishi peke yake

Imani kwamba sayansi kimu ni somo la kuwafundisha wasichana kupika na kushona imedumu kwa muda mrefu, na mara nyingi ndiyo hoja inayotolewa pale somo hilo linapotakiwa kuondolewa shuleni. Historia yake inaonyesha vingine. Ellen Swallow Richards, mwanakemia aliyehitimu Massachusetts Institute of Technology mwaka 1873, alikuwa amekwisha kupima usafi wa maji na kuchunguza vyakula vilivyoghushiwa kabla ya kuwa rais wa kwanza wa chama cha sayansi kimu nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1909. Mwaka 1994 chama hicho kilibadili jina ili litaje familia na walaji, yaani wanunuzi na watumiaji wa bidhaa. Mapishi yamo, bila shaka, lakini hata hapo mwanafunzi huelezwa kwa nini joto huua vijidudu. Kwingineko hujifunza bajeti, riba ya mikopo, lishe, malezi na haki za mlaji, mambo ambayo, kwa maoni yangu, hayamchagui msichana na kumwacha mvulana. Anayelitetea somo hili mbele ya bodi ya shule na aanze kwa kuwasomea wajumbe mtaala wenyewe.