Siku anayorudi nyumbani ndiyo ya kuogopa

Familia nyingi zinazokuja kliniki huwa zimeshajipangia safari nzima kichwani. Mgonjwa apelekwe mbali na wenzake, akae huko mpaka unga umtoke mwilini, kisha arudi nyumbani mzima, mambo yaishe. Siwalaumu, maana magonjwa mengi tunayoyajua huenda hivyo. Ila mimi ninatibu uraibu wa opioidi (heroini, morfini, fentanili, tramadoli na jamaa zake), na ukiniuliza ni lini mgonjwa ananikosesha usingizi zaidi, nitakujibu ni zile wiki mbili za kwanza baada ya kurudi akiwa safi.

Sababu iko mwilini. Opioidi hupunguza kasi ya kupumua. Mwili unaozipokea kila siku hujenga usugu, hivyo kiasi ambacho kingemuua mgeni, mzoefu anajidunga, anainuka na kwenda zake. Akiacha, usugu huo unaporomoka ndani ya siku hadi wiki chache. Hamu haiporomoki nao. Inaweza kulala miezi mingi, ikaamshwa na kumwona tu muuzaji akivuka barabara. Sasa mtu huyu akiteleza mara moja, akajipimia kwa mkono ule wa zamani, pumzi inakata. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watu waliotoka gerezani. Katika wiki mbili za kwanza uraiani, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo. Gereza liliwavua usugu, likawaachia hamu yao. Wodi inaweza kufanya hivyo hivyo, nyumba ya upataji nafuu pia, na hata chumba cha nyuma ambacho ndugu wamekifunga kwa komeo kwa nia njema kabisa.

Komeo hilo huwa linafungwa kwa sababu ya arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa unapoikosa. Kwa mtumiaji wa heroini inaanza saa nane hadi ishirini na nne baada ya dozi ya mwisho: miayo isiyokwisha, kamasi, vinyweleo kusimama, mifupa kuuma, kuharisha, kutapika. Ukiiona mara ya kwanza unadhani mtu anakufa. Mara nyingi hafi, mradi apate maji ya kutosha, na ndani ya wiki moja hivi mwili unatulia. Hapo familia inapumua, na mimi ndipo ninapoanza kuhesabu siku. Kumtoa mtu kwenye arosto kisha kumwachia mtaani bila dawa ya kumshikilia ni jambo ambalo nisingependa jamii yoyote iliite tiba.

Dawa zenyewe zipo, na si ngeni. Mwaka 1965, New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, ambayo nayo ni opioidi. Ufaransa iliidhinisha buprenofini kwa tiba hii mwaka 1995 na kuwaruhusu madaktari wa kawaida waiandike. Kufikia 1999 vifo vya kuzidisha dawa vilikuwa vimeshuka kwa takriban asilimia 79. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011.

"Daktari, mwanangu ameshaacha unga, mbona bado mnamlevya?" Mama mmoja aliniuliza hivyo mbele ya mwanawe, na kijana akainamisha kichwa. Ni swali la haki. Nilimjibu kwa kumweleza kinachotokea mwilini. Heroini ya sindano inapanda ghafla, inashuka ndani ya saa chache, na kwa mtumiaji wa kila siku kutwa nzima inakuwa ni kupanda na kushuka: kulewa, kuumwa, kutafuta pesa, kulewa tena. Methadoni ya kunywa inapanda polepole na kukaa zaidi ya siku nzima. Kwa dozi iliyopimwa sawasawa, mzoefu halewi wala haumwi, na usugu wake unabaki pale pale kumlinda siku atakapoteleza. Buprenofini inaamsha vipokezi vya opioidi (sehemu za seli ambazo dawa hizi hushikamana nazo) kwa kiasi tu, kwa hiyo uwezo wake wa kuzima pumzi una kikomo, na inavishika kwa nguvu kiasi kwamba heroini ikija juu yake haipati pa kukaa. Kijana yule bado mwili wake unategemea dawa, kweli. Lakini haibi, hajidungi, analala usiku. Mama akauliza ataitumia mpaka lini. Miaka, nikamwambia, na si mimi wala wewe tutakaoipanga tarehe ya mwisho kabla mwili wake na maisha yake havijawa tayari.

Kuna vikundi vya kusaidiana ambavyo humwambia mtu kama huyu kwamba hawezi kujihesabu msafi mpaka aache methadoni. Vikundi hivi navipenda kwa mengi. Hakuna mtaalamu anayeweza kumwambia mraibu "nilikuwa hapo ulipo" kama anavyoweza aliyepita mwenyewe, na waelimishaji rika ndio wanaotuletea wagonjwa ambao sisi tusingewafikia maisha. Kwa hili moja tu nawapinga waziwazi. Mtu akiacha dawa ili apigiwe makofi kwenye kikao, akafa mwezi unaofuata, makofi yale yalimsaidia nini?

Jambo jingine ambalo jamii inaweza kulifanya bila kumsubiri daktari ni kutumia naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na opioidi. Hii inawania vipokezi vile vile na kuzing'oa opioidi, pumzi ikarudi ndani ya dakika mbili au tatu. Kwa miaka mingi ilikuwa ya hospitali tu. Mwaka 1996 Chicago Recovery Alliance, shirika la Marekani linalowasaidia watumiaji wa dawa za kulevya, walianza kuwagawia watumiaji wenyewe, kwa hesabu rahisi kwamba anayekuwepo mtu anapozidiwa ni mtumiaji mwenzake, mama yake, au jirani. Leo kuna ya kupulizia puani na ya kuchoma kwenye msuli wa paja.

Niwaeleze jinsi ya kumtambua aliyezidiwa, maana hapa ndipo watu hupoteza dakika. Haitiki ukimwita, wala ukimsugua mfupa wa kifua kwa nguvu kwa vifundo vya vidole. Mboni za macho zimesinyaa zikawa nukta. Midomo na kucha zinabadilika rangi. Anapumua kwa nadra, au anakoroma kwa kukwamakwama. Mkoromo huo umeua wengi, kwa sababu wenzake hudhani kalala vizuri, wakamfunika shuka na kuzima taa. Ita msaada, mpe naloksoni, kisha mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano hivi. Dakika mbili au tatu zikipita hakuna mabadiliko, mwongezee dozi ya pili. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu na usiondoke, kwani naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90, na opioidi iliyomwangusha inaweza kuwa na maisha marefu zaidi. Kumwagia maji na kumpiga makofi hakumrudishii pumzi. Kama ulikosea na hakuwa na opioidi mwilini, dawa hiyo haimdhuru. Na jiandae: akiamka anaamka na arosto, kwa hiyo shukrani utakayopata huenda ikawa matusi.

Baada ya uhai kuna kuishi, na hapa dawa peke yake haifui dafu. Mwaka 1971 wanajeshi wa Marekani walikuwa wakirudi kutoka Vietnam, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu wa heroini akiwa huko. Serikali ikaingiwa na hofu. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia alikuta kwamba kati ya hao waraibu, kama asilimia 5 tu ndio waliorudi kwenye uraibu ndani ya mwaka wa kwanza. Walirudi mahali pasipo na wauzaji wale, wakiwa na kazi na familia zilizokuwa zikiwangoja. Mgonjwa wangu hana bahati hiyo. Anarudi kwenye kona ile ile, kwa marafiki wale wale, na ndugu ambao wakimwona tu wanaficha simu zao.

Kwa hiyo nikiulizwa na viongozi wa mtaa au wa dini wasaidie vipi, huwa siwaombi semina. Nawaomba ajira. Lakini ajira yenyewe inagongana na dirisha letu la kutolea dawa: mgonjwa anatakiwa afike kila asubuhi, anywe sharubati yake ya methadoni mbele ya muuguzi, kisha aseme neno moja au mawili ili ihakikishwe kweli amemeza. Fundi anayetakiwa kazini saa moja atachagua nini? Kliniki inayofungua alfajiri inawabakiza watu wengi kwenye matibabu kuliko mabango yote tunayochapisha. Mwajiri anayevumilia mtu kuchelewa nusu saa naye anatibu, ingawa hajui. Aliyetulia kwa muda hupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, na hizo zikae kwenye sanduku lenye kufuli, kwa sababu kiasi kidogo tu cha methadoni kinamuua mtoto.

Kuteleza kutakuwepo, si kwa wote, ila kwa wengi kiasi kwamba familia ikae na mpango tayari. Nimeona nyumba ambako aliyeteleza alifungiwa mlango usiku ule ule, akaenda kutumia peke yake gizani, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kutumia opioidi, kwa kuwa hakuna wa kuona pumzi ikikata. Mlete kliniki kesho yake asubuhi, hata kama amekasirika, hata kama umekasirika wewe. Muuguzi aambiwe ukweli amekosa dozi siku ngapi na ametumia nini. Akiwa amekosa methadoni siku tatu mfululizo au zaidi, dozi yake ya zamani tunaihesabu kuwa kubwa mno kwake. Tunaishusha, tunamwangalia, tunaipandisha upya hatua kwa hatua, na kwa siku hizo chache naloksoni ikae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba hiyo anapajua.