Si kweli kwamba mmoja kati ya watano hujutia goti la bandia

Kauli hii imezoeleka hata miongoni mwa madaktari: kati ya kila watu watano waliobadilishiwa goti, mmoja hujuta. Inawaogopesha wazee wenye maumivu makali, na inapotosha.

Chukua utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2007, uliohoji wagonjwa zaidi ya 8,000. Walioridhika walikuwa asilimia 81.8. Waliosema wazi hawakuridhika ni asilimia 7, asilimia 11.2 waliosalia hawakuwa na uhakika. Ukiwajumlisha hao wawili ndipo unapata "mmoja kati ya watano". Kutokuwa na uhakika si kujuta.

Hilo halifuti tatizo. Wapo wanaobaki na maumivu, na hao wanastahili kuchunguzwa, si kuambiwa wavumilie. Wengi wengine hukwazwa na mambo ambayo wangeelezwa mapema: ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi, goti hutoa mlio wa kugonga, na kupiga magoti, iwe kwenye sijda au kanisani, kunaweza kubaki kugumu. Muulize daktari wako hayo kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji.