Ukomo wa mwendokasi mtaani: namba ile hutoka wapi?

Barua ninazopokea mara nyingi zaidi katika kazi yangu ya uhandisi wa usalama barabarani hutoka kwa wakazi wanaoomba kibao cha kilomita 50 kwa saa king'olewe mtaani kwao na mahali pake kisimikwe cha 30. Ombi huonekana jepesi, kwa kuwa kibao ni bati na nguzo tu, lakini kabla nguzo hiyo haijachimbiwa kuna sheria ya kusoma, vipimo vya kuchukua na ubishi wa miongo mingi baina ya wataalamu wenyewe: je, namba ile itokane na jinsi madereva wanavyoendesha sasa, au itokane na watu wanaoutumia mtaa? Nilifundishwa jibu la kwanza, nikaishia kwenye la pili, na ningependa kueleza kwa nini, pamoja na kazi ambayo vipimo vya mwendo wa madereva bado vinastahili kupewa.

Kisheria kuna ukomo wa aina mbili. Upo ukomo wa jumla, unaowekwa na sheria ya nchi au ya jimbo na kutumika hata mahali pasipo na kibao chochote, na upo ukomo maalumu, ambao mamlaka ya mji huuweka kwenye barabara fulani baada ya kuichunguza. Mji unaotegemea aina ya pili peke yake hulazimika kuandaa jalada, vipimo, idhini na vibao kwa kila mtaa, na kwa mwendo huo kazi inaweza kuchukua miaka mingi. Ndiyo sababu miji mingi imepigania kubadilisha ukomo wa jumla. New York iliushusha kutoka maili 30 hadi 25 kwa saa Novemba 2014, lakini ilibidi kwanza bunge la jimbo liipe ruhusa. Hispania iliamua kwa nchi nzima, na tangu Mei 2021 barabara za mijini zenye njia moja kila upande zina ukomo wa kilomita 30 kwa saa. Wales ilifanya jambo linalofanana na hilo Septemba 2023 kwa maili 20, huku mabaraza ya maeneo yakiachiwa nafasi ya kutenga barabara zinazostahili kubaki na maili 30. Katika mpangilio huo mzigo wa kutoa sababu huhama: anayetaka mwendo mkubwa zaidi ndiye anayetakiwa kujieleza.

Mahali ambapo uchunguzi wa mtaa mmoja mmoja bado unahitajika, kazi huanza kwa kupima. Mirija ya mpira hulazwa barabarani, au rada ndogo hufungwa kwenye nguzo, kisha magari huhesabiwa na mwendo wa kila moja huandikwa. Tunachotafuta ni mwendo ambao dereva huuchagua mwenyewe, kwa hiyo saa za foleni hatuzitumii, wala gari linalolifuata jingine kwa karibu, wala siku ya mvua kubwa. Nimewahi kushuhudia vipimo vya asubuhi nzima vikitupwa kwa sababu mpimaji alisimama ukingoni akiwa amevaa fulana inayong'aa, na madereva, wakimdhania askari, wakapita kwa adabu isiyo ya kawaida.

Baada ya kupima ndipo ubishi unapoanza. Kanuni ya zamani, iliyokomaa Marekani na kuenea mbali, humtaka mhandisi atafute mwendo ambao madereva 85 kati ya kila 100 hawauvuki, kisha aweke ukomo karibu na hapo. Hoja yake ni kwamba watu wengi wana busara, na sheria iwalenge wachache wanaopita kiasi. Utafiti wa David Solomon wa mwaka 1964 uliitia nguvu kanuni hiyo, kwa kuonyesha kwamba magari yanayokwenda polepole sana au kasi sana kuliko wastani ndiyo yaliyohusika zaidi katika ajali. Wengi hawataji kwamba Solomon alichunguza barabara kuu za mashambani. Huko gari hukutana na gari. Mtaani gari hukutana na mtoto anayefuata mpira, na usawa wa mwendo baina ya magari haumsaidii mtoto huyo chochote.

Kanuni hiyo ina kasoro nyingine inayonisumbua zaidi. Dereva hupima kasi yake kwa upana wa lami na kwa kile anachokiona mbele, si kwa kukadiria hatari anayowasababishia wengine. Barabara ikiwa pana na nyoofu ataongeza mwendo, mhandisi atapima mwendo huo ulioongezeka na kuuandika kwenye kibao, na uchunguzi unaofuata utakuta namba imepanda tena. Uingereza iliacha kutegemea kipimo cha 85 katika mwongozo wake wa mwaka 2006 na kuchukua mwendo wa wastani. Marekani ilichelewa, ila toleo la 11 la mwongozo wake wa kitaifa wa alama za barabarani, lililotoka Desemba 2023, linamtaka mhandisi aangalie pia matumizi ya ardhi, waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na historia ya ajali.

Ukianza na mwenda kwa miguu, hesabu ni ya fizikia. Chukua dereva anayehitaji sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki kwenye lami kavu. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, gari lake husimama baada ya takriban mita 13. Akiwa kwenye 50, anahitaji karibu mita 28, na katika zile mita 13 za kwanza mguu wake bado haujagusa breki. Mtu aliyejitokeza mita 14 mbele ya magari hayo mawili atakoswa na la kwanza kwa chupuchupu, na atagongwa na la pili likiwa kwenye mwendo wake wote, likiwa na nishati inayokaribia mara tatu ya ile ya gari la kilomita 30.

Je, basi vipimo vitupwe? Hapana. Mimi huvisoma kama daktari anavyosoma homa. Watu na shughuli za mtaa ndivyo vinavyoniambia namba inayofaa, na vipimo huniambia mtaa wenyewe uko mbali kiasi gani na namba hiyo. Nikikuta wastani wa 33 mahali panapohitaji 30, kibao na rangi kidogo vinaweza kutosha. Nikikuta 47, kibao peke yake ni mapambo. Tathmini ya serikali ya Uingereza iliyotolewa 2018 ilikuta kwamba maeneo ya makazi yaliyowekewa vibao vya maili 20 bila mabadiliko mengine yalipunguza mwendo wa kati, yaani ule ambao nusu ya magari hayauvuki, kwa maili 0.7 tu kwa saa. Wapinzani waliishangilia namba hiyo kupita kiasi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali zinazoua huongezeka kwa takriban asilimia 4, hivyo hata punguzo dogo lina maana. Hata hivyo ujumbe wake kwa mhandisi ni dhahiri: njia za magari zipunguzwe upana, kona za makutano zibanwe, vivuko viinuliwe, na matuta yajengwe pale ambapo hayo mengine hayatoshi.

Hoja kwamba 30 huwapotezea madereva muda hujibiwa haraka. Mita 300 za mtaa, kwa 50 bila kusimama popote, huchukua kama sekunde 22. Kwa 30, sekunde 36.

Kigumu zaidi ni barabara zilizo katikati, zinazobeba mabasi na malori huku pembeni kuna maduka na shule. Graz ya Austria, ilipoweka kilomita 30 karibu mji mzima mwaka 1992, iliziacha barabara zake kuu kwenye 50, na miji mingi imefuata njia hiyo kwa kuwa ni rahisi kuitetea kisiasa. Siilaumu, lakini kuiita barabara kuu hakupunguzi idadi ya watu wanaoivuka. Huko mimi huhesabu wavukaji kwa kila mita 100 kabla sijatazama ramani inayopanga barabara kwa ngazi za umuhimu.

Jambo la mwisho linahusu ajali zilizopita, ambazo wakazi huziweka mwanzoni mwa barua zao. Mtaa mmoja una ajali chache mno kuweza kuthibitisha lolote kwa mwaka mmoja, na uliokuwa na mwaka mbaya huelekea kuwa na afueni mwaka unaofuata hata usipoguswa, hivyo mhandisi mwaminifu hutazama miaka mitano na kulinganisha na mitaa isiyobadilishwa. Tena mtaa usio na ajali huenda ni ule ambao wazee wameacha kuuvuka. Kwa hiyo barua inayonisaidia zaidi ni ile inayotaja nani huvuka, wapi na saa ngapi, na nani ameacha kuvuka. Isiyotaja hayo naijibu pia, ila kwanza huenda mwenyewe asubuhi kusimama pale, bila fulana.