Mbwa Akiharisha: Mtindi, Probiotiki na Yanayosemwa Mtaani

Tanga maziwa hayakosekani, na mbwa akianza kuharisha, jirani wa kwanza atakwambia umpe mtindi. Ushauri huo una chembe ya ukweli, ila umebeba na mengine yasiyo kweli.

"Mtindi na probiotiki za mbwa ni kitu kimoja."
Sivyo. Probiotiki ni vijidudu hai vinavyotolewa kwa kipimo, kama bakteria Enterococcus faecium aliyefanyiwa utafiti kwa mbwa. Bakteria wa mtindi ni wengine, na wengi hufia tumboni. Tena mbwa wengi wakubwa hawasagi vizuri sukari ya maziwa, hivyo bakuli zima laweza kuzidisha kuhara. Mtindi wenye ladha usimpe kabisa: ukiwa umetiwa utamu wa zailitoli, ni sumu kwake.

"Probiotiki hutibu kuhara kwa aina yoyote."
Dhana hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu inaua watoto wa mbwa. Mtoto ambaye hajachanjwa, anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali na chakula hataki hata kukinusa, huenda ana parvo, ugonjwa wa virusi. Virusi hivyo huharibu utando wa utumbo, maji yakamwishia mwilini na bakteria wakapenya kwenye damu. Huyo anahitaji daktari wa mifugo na dripu leo hii. Mvute ngozi ya mgongoni: ikichelewa kurudi, na ufizi ukiwa mkavu unaonata kidole, usingoje kesho.

Mbwa mzima aliyeokota vichwa vya samaki vilivyochacha kule Deep Sea, wanakoshushia samaki, lakini bado anachangamka na kunywa maji, ni habari nyingine. Mara nyingi hupona ndani ya siku chache; probiotiki huweza kufupisha muda huo kidogo. Mpe maji safi na wali laini wenye kuku wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu.

"Flagyl inatosha."
Mara nyingi kuhara kwa ghafla hakuhitaji antibiotiki kama Flagyl. Dawa hiyo huua na bakteria wazuri, na utumbo huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi sawa.

"Unga wa probiotiki hauharibiki."
Joto la pwani huua vijidudu hivyo, na uji wa moto pia. Fuata maelezo ya pakiti, changanya na chakula kilichopoa.

"Akiharisha tena, ongeza dozi."
Kuhara kunakojirudia huenda ni minyoo, safura ikiwemo. Chukua kinyesi cha siku hiyo kwenye kikopo safi, kipelekwe kupimwa.